Joka Lenye Macho ya Mama

Juzi binti yangu aliniambia nikae karibu na dirisha na nisitikisike.

"Mum, hebu niangalie. Usicheke sasa. Nataka macho yako."

"Ya nini?"

"Ya dragon wangu. Mimi nikichora zinatoka kama za paka."

Mtoto huyu huchora majoka kutwa kucha. Huyachora kwenye simu, kwa kidole, majoka ya zile hadithi za wafalme na ngome, kisha huyatuma kwa watu wa nchi za mbali ambao hajawahi kuwaona na ambao wamerukwa na akili kwa hadithi hizo hizo. Aliponigeuzia simu nikaona joka la kijani limejikunja juu ya mlima, magamba yote yako mahali pake, na penye macho pakiwa matundu mawili meupe. Nikainuka nikasema nimeacha sufuria kwenye gesi. Hapakuwa na sufuria. Nilisimama jikoni nikisikia harufu ya thina, ile ya kuchanganyia rangi, puani, na katika nyumba yetu hii ya kupanga hapa Nakuru hakuna tone la thina.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kando ya barabara kuu mnayakumbuka malori ya zamani, kabla barabara haijajaa haya makontena yasiyo na uso. Lori lilikuwa na bodi ya mbao, na bodi ilikuwa na simba, au tai, au msemo wa kumchokoza jirani. Mengi ya yale yaliyopita Salgaa, kituo cha malori tulikoishi, Baba ndiye aliyeyachora. Sisemi alikuwa msanii, maana hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Walimwita Fundi, naye aliitika kichwa kikiwa ndani ya mkebe wa rangi.

Kazi alifunzwa mjini Nakuru na mzee mmoja Kalasinga aliyekuwa akiunda bodi za malori. Mzee alimfunza maua, tausi na simba. Joka hakumfunza. Hilo Baba alilitoa kwenye blanketi, yale mazito ya kutoka Uchina ambayo kila nyumba iliyojiheshimu ilikuwa nalo moja, joka katikati, lina miguu minne na sharubu ndefu. Blanketi letu lilikuwa moja tu, na Baba alilitundika ukutani ili alisome. Salgaa kuna baridi ya kukata masikio. Sisi tulilala tukitetemeka mpaka baba yetu alipoyajua magamba yote, na Mama hakuacha kumkumbusha jambo hilo kila mgeni alipolisifu joka.

Kilichotoka kwa mzee Kalasinga kilikuwa utaratibu. Unaanza mkiani, unapanda gamba kwa gamba kuelekea kichwani, na macho ni ya mwisho. Tena macho hayabuniwi. Unayatoa kwa kiumbe aliye hai aliyekaa mbele yako, kwa sababu macho ya kubuni hayamwangalii mtu. Mzee mwenyewe, Baba alisema, alichora tausi wote wa Nakuru kwa macho ya mke wake. Baba akaichukua kanuni hiyo akaipeleka mbali zaidi. Dereva akiagiza joka, Baba alimwuliza swali moja tu.

"Nani hukungoja nyumbani?"

Dereva alicheka kwanza. Halafu akaenda akamleta. Walikuja kina mama wazee waliofunga vilemba vya Jumapili, wakaja wake wenye watoto mgongoni, wakaketi juu ya mtungi wa plastiki nyuma ya lori, na Baba akayachukua macho yao akampa joka. Kuna dereva mmoja aliyemleta asiyefaa kuletwa, na siku mke halali alipokutana na lori hilo kwenye kituo cha mafuta, Baba alijificha chini ya kitanda chetu hadi mama yule alipochoka kutukana. Lakini kwa kawaida ilikuwa shughuli ya heshima. Joka lilikaa kwenye mlango wa nyuma wa bodi, si mbele. Watu walimwuliza kwa nini.

"Mtu wako hakuoni ukija," Baba aliwajibu. "Anakuona ukienda."

Mjomba Karanja alikuwa kitinda mimba wa kwao Mama. Cucu, mama yao, alikuwa akishinda shambani Keringet akilima viazi vya watu, kwa hiyo Mama, akiwa bado msichana mdogo, ndiye aliyembeba Karanja mgongoni mpaka akajua kutembea. Alipokua alikuja Salgaa akaanza kama tanboi, wa kufunga turubai na kulala chini ya lori, na hatimaye akapewa usukani. Siku aliyokabidhiwa lori alipiga honi kutoka mlimani mpaka mlangoni kwetu. Alitaka joka.

"Nani hukungoja?" Baba akamwuliza, ingawa jibu alilijua. Mjomba alikuwa hajaoa.

Ikabidi Cucu aletwe kutoka Keringet. Alikuja na gunia la viazi na Biblia yake. Akaketi juu ya mtungi, akainua macho, akaliona lile joka jekundu na kijani likisubiri macho yake. Cucu alikuwa mtu wa kanisa na kitabu cha Ufunuo alikijua vizuri.

"Karanja," akasema, "macho nimepewa na Mungu, niende nipatie nyoka?"

"Cucu, ni picha tu," Baba akajaribu.

"Hata yule wa bustani alianza polepole hivyo hivyo." Akainuka, akaomba chai.

Mjomba aliumia. Alijifanya kucheka, lakini nilimwona akipiga gurudumu teke. Mama alikuwa pale pembeni kwenye hoteli yake, kibanda cha mabati alichouzia madereva chapati na ndengu, mikono imejaa unga. Alijifuta kwa aproni akaja akaketi juu ya ule mtungi.

"Chukua yangu. Si ni mimi nilimbeba?"

Basi Baba akachora. Jicho la kushoto la Mama lilikuwa dogo kidogo kuliko la kulia, na Baba hakulisahihisha. Alipomaliza nikasogea, nikarudi nyuma haraka. Joka lilikuwa likinitazama vile Mama alivyonitazama akitaka kujua nani amevunja kikombe. Madereva walizunguka wakapiga makofi. Cucu alikunywa chai yake akiwa ametupa mgongo.

Mimi sikuelewa kuwa Baba alikuwa amenakili macho. Mtoto huamini anachoambiwa, na mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu mjomba akiomba macho na Mama akisema chukua. Kwa akili yangu, yale macho sasa yalikuwa barabarani, na Mama alikuwa akiona kila kitu yalichokiona. Siku ya kwanza mjomba alipoondoka kwenda Malaba, nilimvuta Mama sketi.

"Mama, Anko ako wapi saa hii?"

Mama aliniangalia. Nadhani alikuwa amechoka, na alitaka kunifurahisha. Akafumba macho, akaweka mkono wenye unga kwenye paji la uso.

"Amepita Timboroa. Kuna ukungu. Amevaa ile jaketi ya blue."

Mjomba aliporudi nilimkimbilia nikamwambia Mama alimwona na jaketi ya blue. Jaketi ile ndiyo pekee aliyokuwa nayo, lakini alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Haki ya nani! Mathe yako ni moto! Basi hata ile mandazi nilikula Burnt Forest aliiona?"

"Mwenye macho haambiwi tazama," Baba akasema kutoka chini ya lori jingine.

Ikawa mchezo wetu. Kila nilipotoka shule niliuliza, na Mama alifumba macho akanieleza. Anko yuko kwenye mizani, kuna foleni. Anko anakula nyama. Anko anabadilisha gurudumu na tanboi wake ni mvivu. Wakati mwingine aliuanzisha mwenyewe bila kuulizwa, akiwa anasukuma chapati, na madereva waliokuwa wakila wakanyamaza wakisikiliza. Sasa naelewa kuwa mwanamke aliyemlea mtoto mgongoni akamwachia barabara ile alihitaji mchezo huo kuliko mimi. Wakati ule nilijua tu kwamba mama yangu alikuwa na uwezo ambao mama wa wengine hawakuwa nao, na nilijivuna shuleni mpaka wenzangu wakanichoka.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Nilitupa mkoba, nikauliza.

Mama akafumba macho. "Anateremka. Ako karibu kabisa. Mwekee chai."

Nilichukua kikombe cha mjomba, nikakijaza, nikakifunika kwa kisahani. Mteremko wa kuja Salgaa unaujua mwenyewe kama umeupita. Ni mrefu, na lori lililobeba mzigo likikosa breki pale halina pa kwenda ila chini. Tulisikia honi kwanza. Ilikuja ikiwa ndefu, haikatiki, na Mama akatabasamu kwa sababu alidhani mjomba anafanya vituko vyake vya siku ile ya kwanza. Kisha ikakatika upande wa juu wa barabara, tukasikia kishindo, na watu wakaanza kukimbia kupanda mlima. Mama alikimbia na kijiti cha kusukumia chapati mkononi. Mimi niliambiwa nibaki. Nilibaki nikiangalia kile kikombe mpaka chai ikafanya utandu.

Kabini ilikuwa imekwisha kabisa. Mjomba na tanboi wake walitolewa kwa kukatwa mabati. Lakini mlango wa nyuma wa bodi haukuguswa hata kidogo, na joka lilikuwa zima, na macho yake yalikuwa safi. Watu wote walioenda pale waliliona hilo na kila mmoja akalisema, wengine kwa sauti ya chini.

Mjomba tulimzika Keringet kwenye ubavu wa shamba la viazi, kukiwa na baridi na udongo mweusi ulioshika viatu. Wageni walikuja mmoja mmoja wakasema ajali haina kinga. Mhubiri aliongea juu ya joka la zamani, yule nyoka, na hakumtaja mtu, lakini vichwa viligeuka polepole kuelekea kwetu. Baba alikuwa amevaa koti la kuazima na kucha zake zilikuwa bado na rangi nyekundu. Alizificha mifukoni.

Baadaye, watu wakila, Cucu alimwita Mama kando ya ghala. Nilikuwa nimeshika sketi ya Mama kwa hiyo nilisikia yote.

"Mimi nilikataa," Cucu akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira. Heri ingekuwa ya hasira. "Wewe ukasema chukua yangu. Haya. Ulikuwa unaangalia nini?"

Mama aliangalia viatu vyake vilivyojaa udongo. Nilingoja aseme kitu, aseme ilikuwa picha, aseme breki. Nilimchukia Cucu pale ghalani, na nilimwogopa pia, kwa sababu lile swali hata mimi nilikuwa nalo. Mama alikuwa ameona. Alikuwa amesema anateremka. Nilidhani aliona yote mpaka mwisho na ananificha kwa kuwa mimi ni mtoto.

Tuliporudi Salgaa Mama hakututazama tena. Sijui niliseme vipi jambo hili bila kulifanya lionekane dogo. Alipika, alifua, alitujibu tulipomwuliza, lakini macho yake yaliishia kifuani mwa mtu au miguuni. Ukimpa kitu alikipokea akiangalia mkono. Nilirudi na matokeo ya mtihani, wa kwanza darasani, na Mama akayasifu akiitazama sakafu. Kwa Baba ilikuwa vile vile. Nilimwona Baba siku moja akiinama, goti chini, ajiweke mahali macho ya Mama yalipokuwa, na Mama akayahamishia kwenye jiko.

Lile lori lilikokotwa likawekwa kwenye uwanja wa kituo kidogo cha polisi, ng'ambo ya barabara, pamoja na mabaki mengine. Liliegeshwa kinyumenyume, kwa hiyo mlango wa nyuma uliiangalia barabara kuu. Joka likawa pale siku zote, mvua na jua, likiyatazama malori mengine yakipita. Baba alitarajia Mama angelihama lile eneo. Mama alifanya kinyume. Alivuta jiko lake kutoka upande wa ndani wa kibanda akaliweka mbele, mkabala na ule uwanja, na kutwa nzima alipika akiwa amekaza macho huko. Wateja walipungua. Hakuna mtu apendaye kuhudumiwa chai na mtu anayetazama mahali pengine.

Madereva nao walianza kuja kwa Baba wakitaka majoka yao yafutwe. Wengine waliomba kwa adabu, wengine walikuja na msasa wao. Baba hakubishana. Alisugua mwenyewe macho ya kina mama wale wote, mmoja baada ya mwingine, na jioni aliketi nje. Nilikaa naye.

"Baba, si uende uyarudishe?"

"Nirudishe nini, Shiru?"

"Macho ya Mama. Si yamebaki kwa lori? Ndio maana hawezi kutuangalia. Yanaona barabara tu, hata halali. Yafunge basi, apumzike."

Baba hakucheka. Alinitazama muda mrefu, na najua alichokiona hakikuwa kile nilichokiona mimi. Yeye alidhani Mama anajiadhibu. Alidhani yale macho ya rangi yanamkumbusha maneno ya Cucu kila anapoinua kichwa, na kwamba yakiondoka pale, mkewe atamrudia. Tulikuwa na sababu mbili tofauti na dawa moja.

Kesho yake mchana alivuka barabara na mkebe na brashi. Nilikuwa kibandani namsaidia Mama kukunja chapati, na kituo kilikuwa karibu kiasi kwamba sauti zilitufikia. Askari wa zamu alitoka akivaa kofia.

"Fundi, hiyo gari ni kizibiti. Kesi haijaisha. Huwezi kukwangua kitu hapo."

"Sikwangui, boss. Naongeza tu."

"Unaongeza nini?"

Baba alimwonyesha kwa brashi. Askari aliangalia joka, kisha akageuza shingo akatuangalia sisi, Mama hasa, na akaelewa. Kila mtu Salgaa alijua macho yale ni ya nani.

"Basi ongeza haraka," akasema, na akarudi ndani.

Baba alichora kope. Alichanganya kijani mpaka ikafanana na magamba, akaishusha juu ya jicho la kulia polepole, kutoka juu kwenda chini, kisha juu ya lile dogo la kushoto, na akazipa kila moja mstari mwembamba mweusi chini. Ilikuwa kazi nzuri. Namsifu hata leo. Joka lililokuwa limekodoa macho barabarani miezi yote ile likawa limelala.

Mimi nilikuwa nimeacha chapati nikimtazama Mama. Nilikuwa na hakika. Nilingoja anigeukie, aniangalie, anione nimeota jino jipya. Mama alikuwa ameacha kusukuma. Chapati iliyokuwa kwenye kikaango ilianza kutoa moshi na hakuigusa. Akavua aproni, akaiweka juu ya meza, akavuka barabara bila kutazama huku wala huku, na lori la petroli likampigia honi likampita karibu. Nilimfuata nikimwita huku nikilia.

Alisimama mbele ya joka. Akainua mkono akagusa zile kope, rangi ikamshika vidoleni.

"Nani amefunga?"

"Mimi," Baba akasema. "Nilitaka upumzike. Hili lori linakumaliza, Mama Shiru. Unaliangalia kutwa."

"Mimi siangalii lori." Sauti yake ilikuwa tulivu, kama ya mtu anayemweleza mgeni njia. "Naangalia barabara kwa haya macho. Kutoka hapa inaonekana yote, mpaka kule juu anapotokea. Sikumwona siku ile. Nilidanganya mtoto, nikasema anateremka, na sikuwa nimeona kitu. Nilijiambia sasa nitaangalia mpaka nimwone." Akafuta vidole kwenye leso yake. "Sasa umefunga. Karanja nitamtafuta na nini?"

Aliuliza akimwangalia Baba usoni, kwa macho yote mawili, wazi kabisa. Siku ile aliyoinama, goti chini, Baba alikuwa akiomba atazamwe hivi hivi. Alijaribu kustahimili, nami nilimwona akijaribu, kisha akainamisha kichwa.